Kitabu cha Glanvill kilitoka wapi, na kinatuhusu nini?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nasoma sheria, mwaka wa pili. Katika somo la historia tuliambiwa kwamba kitabu cha kwanza kikubwa cha sheria ya Kiingereza ni Glanvill, kisha somo likasonga mbele. Ningependa kujua ni nani hasa aliyekiandika, alikitoa wapi, na kama kweli kina athari yoyote kwetu Tanzania. Nauliza kwa sababu nyumbani Tanga shauri la shamba la marehemu babu liliondolewa mahakamani kwa kuwa ombi lilitaja kifungu kisicho sahihi, na hakuna aliyewahi kusikiliza shamba ni la nani."

Marahaba, na poleni kwa yaliyowapata. Nitajibu kirefu, kwa sababu mkasa wenu na kitabu hiki vina uhusiano wa karibu kuliko unavyodhani, ingawa si ule uhusiano ambao watu wengi huutaja.

Kwanza, kitabu chenyewe hakiitwi Glanvill. Kwa Kilatini ni Tractatus de legibus et consuetudinibus regni Anglie, yaani risala ya sheria na desturi za ufalme wa Uingereza. Kimegawanywa sehemu 14, na sehemu hizo zimezoeleka kuitwa vitabu. Kiliandikwa kati ya mwisho wa mwaka 1187 na katikati ya mwaka 1189. Tunajua hivyo kutokana na kitabu chenyewe: mwandishi alipotaka kuonyesha jinsi mapatano ya mahakamani yanavyoandikwa, alinakili mapatano halisi yaliyofungwa Westminster katika mkesha wa Mtakatifu Andrea, mwaka wa 33 wa utawala wa Henry II. Hiyo ni tarehe 29 Novemba 1187. Na anamzungumzia Henry kama mfalme aliye kitini, ilhali Henry alifariki tarehe 6 Julai 1189.

Ranulf de Glanvill ambaye jina lake limekigandia kitabu alikuwa mtu wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Alipanda ngazi kwa utumishi. Alikuwa sherifu wa Yorkshire, yaani mwakilishi wa mfalme katika jimbo hilo. Mwaka 1174 alikuwa miongoni mwa viongozi wa kikosi kilichomteka mfalme William wa Scotland karibu na Alnwick. Mwaka 1180 akawa jaji mkuu, na wakati ule jaji mkuu hakuwa jaji tu: mfalme alipovuka bahari kwenda kwenye milki zake za Ufaransa, na Henry alikuwa akivuka mara kwa mara, ndiye aliyebaki na nchi mkononi. Henry alipofariki, Ranulf alipoteza cheo chini ya Richard I, akaenda kwenye vita vya msalaba, akafia Akka, mji wa pwani ya Palestina, mwaka 1190.

Je, yeye ndiye aliyekiandika? Mimi naamini siye. Kichwa kinachokuja na kitabu katika nakala za mkono kinasema kilitungwa zama za mfalme Henry II, usukani wa haki ukiwa mikononi mwa Ranulf de Glanvill. Soma maneno hayo kwa makini uone kwamba yanataja wakati, hayataji mtungaji. Wanahistoria wengine wamempendekeza Hubert Walter, ndugu wa Ranulf kwa upande wa mke, aliyekulia katika nyumba yake na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Canterbury. Wengine wamemtaja Geoffrey Fitz Peter, ambaye naye alikuja kuwa jaji mkuu. Majina hayo yanavutia kwa sababu ni makubwa. Lakini ukikisoma kitabu chenyewe unamwona mtu wa aina nyingine: karani au jaji wa kawaida wa mahakama ya mfalme, aliyeshika hati, yaani barua za amri za mfalme, mikononi kila siku. Anazijua hati neno kwa neno. Anajua nini hufuata mdaiwa asipofika mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Anauliza maswali ambayo mahakama haijayamaliza, na mara nyingine anayaacha bila jibu, jambo ambalo mkubwa wa serikali anayetangaza sheria asingelifanya. Na katika dibaji anasema wazi kwamba ametumia kwa makusudi lugha ya kawaida na maneno ya mahakamani, ili kitabu kiwafae hata wale wasioyazoea mambo haya.

Alikitoa wapi? Sehemu kubwa kaitoa kazini. Lakini mavazi ya dibaji ni ya Kirumi. Sentensi ya kwanza, inayosema kwamba mamlaka ya mfalme hupaswa kupambwa kwa silaha dhidi ya waasi na pia kwa sheria za kuwatawala raia wenye amani, imeigwa kutoka dibaji ya Institutiones, kitabu cha utangulizi wa sheria cha Justinian, mfalme wa Kirumi wa karne ya 6. Wakati huo Bologna, Italia, walikuwa tayari wanatunga vitabu vya mwenendo wa mashauri kwa ajili ya mahakama za Kanisa; Bulgarus aliandika kimoja kifupi katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, na Tancred akaja kuandika kilicho maarufu zaidi mnamo 1216. Mwandishi wetu alikuwa na habari ya elimu hiyo. Anafungua kwa kuyagawa mashauri kuwa ya jinai na ya madai, mgawanyo wa wasomi wa Kirumi ambao mpaka leo unauona kwenye milango ya masjala za mahakama zetu. Baada ya hapo anawaacha Warumi na kuingia katika desturi za Kiingereza zenyewe.

Kuna hoja moja katika dibaji hiyo ambayo naipenda sana. Anasema sheria za Uingereza, japo hazikuandikwa, hazikosi kustahili kuitwa sheria; wala haiwezekani kuziandika zote, ila yale yanayojirudia mara nyingi mahakamani yanaweza kuwekwa katika maandishi. Kila ninapomsikia mtu anadai kwamba mila za makabila yetu haziwezi kuwa sheria kwa kuwa hazikuwa na kitabu, humkumbuka karani huyu wa miaka ya 1180 akiitetea nchi yake dhidi ya dai lile lile.

Sasa tufike kwenye kiini. Glanvill si kitabu cha haki za watu, bali ni kitabu cha namna ya kuendesha shauri. Hakikuanza kwa kusema mmiliki ni nani, mrithi ni nani. Kimeanza kwa kuonyesha barua inayoandikwa ili mtu aitwe mahakamani, na sheria yote ya ardhi, mirathi, fungu la mjane, madeni na utwana inajitokeza njiani, kila moja ikining'inia kwenye hati yake. Hati ya kwanza kabisa inasema hivi, nikiifasiri: mfalme kwa sherifu, salamu; mwamuru fulani amrudishie fulani, kwa haki na bila kuchelewa, ardhi kadha iliyoko kijiji kadha, ambayo huyu analalamika kwamba yule anamzuilia; na asipofanya hivyo, mwite kwa waitaji wema afike mbele yangu au mbele ya majaji wangu, siku kadha, mahali kadha, aeleze kwa nini hakufanya; nawe uwe nao waitaji hao hapo, pamoja na hati hii.

Ni mistari michache tu, lakini itazame inavyofanya kazi. Kuna mdai na mdaiwa. Kuna kitu kinachodaiwa na mahali kilipo. Mdaiwa anapewa nafasi ya kutii kabla ya kushtakiwa. Kuna tarehe, mahali, na mashahidi wa kwamba wito ulimfikia. Na hati inarudi mahakamani, isije ikapotelea kwa sherifu. Ukichukua samansi yoyote ya leo kutoka mahakama ya Tanga, utavikuta karibu vyote.

Ili uone kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa, mtazame Richard wa Anesty, mtu wa Hertfordshire, aliyeanza mwaka 1158 kudai ardhi ya mjomba wake, William de Sackville, dhidi ya binti wa marehemu. Aliandika mwenyewe gharama zake, na maandishi hayo yamebaki. Kwanza ilibidi amtume mtu Normandy kutafuta hati ya mfalme. Kisha alimfuata mfalme hadi kusini mwa Ufaransa alikokuwa vitani. Kwa kuwa swali lilikuwa kama binti yule alizaliwa ndani ya ndoa halali, shauri liliingia mahakama za Kanisa na kufika kwa Papa. Farasi wake walikufa njiani, akakopa kwa riba, na hukumu ikapatikana mwaka 1163. Haki ya mfalme ilikuwepo, ila ulipaswa kuikimbilia huku na huko duniani. Kizazi kimoja baadaye, wakati wa Glanvill, hati za maneno yaliyokwisha kupangwa zilitolewa katika ofisi ya mfalme kwa yeyote mwenye dai la aina hiyo, na majaji walizunguka majimboni. Kitabu hiki kiliandikwa ili mtu aweze kuitumia njia hiyo.

Kiti cha heshima katika kitabu ni Asiza Kuu, yaani utaratibu wa kuamua dai la ardhi kwa kiapo cha watu wa jirani; iko sehemu ya pili. Tangu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, dai la haki ya ardhi liliweza kuamuliwa kwa pambano. Mdai hakupigana mwenyewe. Alileta mtu wa kumpigania, ambaye alitakiwa awe shahidi: ama aliona mwenyewe, ama aliapa kwamba baba yake, akiwa katika sakarati, alimwachia wosia wa kuitetea haki hiyo iwapo ingedaiwa. Aliyeshindwa alitamka neno la kusalimu amri, akatozwa shilingi 60, na tangu hapo kiapo chake hakikukubalika tena mahakamani. Mnamo 1179 Henry II, kwa ushauri wa wakuu wake, alimpa mdaiwa chaguo jingine: badala ya pambano aombe manaiti (askari wa farasi wa tabaka la juu) wanne wa jimbo, nao wachague manaiti 12 wa jirani na ardhi hiyo, waseme kwa kiapo nani mwenye haki zaidi. Wale wasiojua ukweli waliondolewa wakaletwa wengine, hadi wapatikane 12 wenye kauli moja. Aliyeapa uongo alipoteza mali zake na kufungwa si chini ya mwaka mmoja.

Hapa mwandishi wetu, ambaye kwa kawaida ni mkavu kama daftari la ofisi, anapata joto. Anaiita Asiza Kuu zawadi ya kifalme inayookoa maisha ya watu na hadhi zao, ili wasihatarishe kila kitu kwa matokeo ya pambano yasiyo na hakika, wala wasikutwe na kifo cha ghafla au aibu ya daima ya lile neno la kusalimu. Kisha analeta hoja ya kimahakama: pambano linasimama juu ya kiapo cha shahidi mmoja, ilhali asiza inahitaji viapo vya watu 12. Na asiza ina ucheleweshaji mdogo zaidi, kwa hiyo hupunguza taabu za watu na gharama za maskini. Nimewafundisha vijana kifungu hicho kwa miaka mingi na bado hunigusa. Mtu anayejua kila upenyo wa kuchelewesha kesi anasimama kulisifu jambo kwa sababu linawahurumia maskini.

Wewe wa Tanga unaijua njia nyingine ya kuthibitisha, ile ya makadhi wa pwani yetu: ushahidi ni juu ya mdai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Waislamu walikuwa na vitabu maalumu vya adabu za kadhi karne kadhaa kabla ya Glanvill; cha al-Khassaf, aliyefariki mwaka 874, kinajulikana sana. Nayataja haya kwa sababu vijana wetu hufundishwa kana kwamba elimu ya kuendesha shauri ilizaliwa Westminster.

Sehemu ya 13 ndiyo inayokuhusu zaidi. Inaeleza asiza ndogo, zilizoamua nani aishike ardhi kwa sasa, bila kuingia katika swali zito la nani mwenye haki ya asili. Asiza ya kuporwa karibuni ilimhudumia mtu aliyefukuzwa kwenye ardhi yake bila hukumu ya mahakama. Watu 12 wa jirani waliulizwa swali moja tu: je, fulani amemwondoa fulani kwenye ardhi yake kwa dhuluma na bila hukumu, ndani ya muda uliowekwa? Wakijibu ndiyo, anarudishwa. Mporaji hata akiwa ndiye mwenye haki ya kweli, aende akaidai kwa njia yake. Nyuma ya swali hilo dogo kuna kanuni ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote katika kitabu, kwamba mwenye nguvu asijihukumie mwenyewe. Inakwenda pamoja na kanuni nyingine anayoieleza katika sehemu ya 12: mtu halazimiki kujibu shauri la ardhi yake huru katika mahakama ya bwana wake bila hati ya mfalme au ya jaji wake mkuu. Kabaila aliyezoea kuwafukuza watu wake kwa neno la mdomo alikuta sasa kuna mlango wa kupitia.

Asiza ya kifo cha mzazi, iliyowekwa mwaka 1176 huko Northampton, ilimhudumia mrithi aliyekuta ardhi imekaliwa na mwingine. Maswali yake yalikuwa haya: je, siku ya kufa kwake marehemu alikuwa ameishika ardhi hii kama yake? Je, alifariki ndani ya muda uliowekwa? Na je, mdai ndiye mrithi wake wa karibu? Lakini ilifika kwa baba, mama, kaka, dada, na ndugu wa baba na mama tu. Babu hakuwemo. Mjukuu aliyeporwa shamba la babu yake hakuwa na hati ya njia hiyo fupi, akalazimika kwenda na ile ndefu. Hati ya babu ilitungwa katika miaka ya 1230, nusu karne baada ya kitabu.

Hilo la mjukuu lina upande mwingine ambao mwandishi anakiri kuwa una shaka kubwa ya kisheria. Mtu ana wana wawili. Mkubwa anakufa kabla ya baba, akiacha mtoto. Babu akifa, nani amrithi, mjukuu au ami yake? Kwa mirathi ya Kiislamu jibu unalijua: mtoto wa kiume aliye hai humzuia mjukuu. Glanvill anaeleza hoja za pande zote, na anaelekea kumpa mjukuu, isipokuwa kama baba yake alikwisha kugawiwa fungu na kutengwa. Miaka 10 baadaye swali hilo lilipanda hadi kwenye kiti cha enzi. Richard I alifariki mwaka 1199 bila mtoto halali. Mdogo wake John akasimama dhidi ya Arthur, mtoto wa Geoffrey, ndugu yao aliyekuwa mkubwa kwa John. John alishika ufalme, Arthur akatekwa mwaka 1202 na hakuonekana tena. Kwa muda mrefu baada ya hapo mahakama za Uingereza zilisita kumpa mjukuu haki dhidi ya ami yake, kwa kuwa kufanya hivyo kulikuwa ni kusema kitu juu ya mfalme.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Udhuru wa kutofika mahakamani umejaza karibu sehemu nzima ya kwanza: ugonjwa wa njiani, ugonjwa wa kitandani, safari ya ng'ambo, utumishi wa mfalme, hija ya Yerusalemu. Aliyedai ni mgonjwa wa kitandani alipelekewa manaiti wanne wamtazame, na wakiona kweli amedhoofika alipewa mwaka mmoja na siku moja. Jinai imewekwa mwishoni kabisa, sehemu ya 14, na ni fupi. Bado mtuhumiwa alijaribiwa ili Mungu aonyeshe kama ana hatia, mtu huru kwa chuma cha moto na mtwana kwa maji, desturi iliyokatwa mizizi mwaka 1215 Kanisa lilipowakataza makasisi kushiriki.

Athari zake zilikwenda mbali kiasi gani? Katika Uingereza yenyewe, Magna Carta ya 1215, hati ya ahadi ambayo makabaila walimlazimisha mfalme John kuikubali, iliahidi kwamba majaji watakwenda kila jimbo mara nne kwa mwaka kusikiliza asiza ndogo, kwa maana makabaila walioasi hawakutaka asiza zifutwe, walizitaka zaidi. Kitabu kikubwa kinachobeba jina la Bracton, cha nusu ya kwanza ya karne ya 13, kilijengwa juu ya njia ile ile ya kueleza sheria kwa kufuata hati, kwa upana mara nyingi zaidi. Scotland, nchi ambayo mfalme wake alitekwa na Ranulf, ilikichukua kitabu karibu chote: risala ya sheria za Scotland ya mwanzoni mwa karne ya 14 inaitwa Regiam Majestatem kwa maneno yake ya kwanza, na sehemu yake kubwa ni Glanvill iliyorekebishwa.

Pambano nalo halikufa haraka. Lilibaki kwenye vitabu hadi mwaka 1818, mtuhumiwa wa mauaji katika shauri la Ashford na Thornton aliposimama mahakamani akadai kupigana, na majaji wakakiri kwamba sheria inampa haki hiyo. Bunge lililifuta mwaka 1819.

Sasa shauri la kwenu. Wapo wanaosema ugumu wa mahakama zetu, wa kumwondoa mtu kwa sababu ya karatasi, tumerithi kutoka kwa Glanvill. Sikubaliani nao. Katika kitabu hiki hati ni dawa. Ilimwokoa mtu asifuate farasi wa mfalme hadi Ufaransa, na dai jipya lilipotokea iliwezekana kutunga hati mpya, kama ile ya babu. Ugumu ulikuja baadaye. Mwaka 1258, katika Masharti ya Oxford, makabaila walimwapisha chansela wa mfalme asitie muhuri hati yoyote nje ya zile za kawaida bila idhini ya mfalme na baraza. Sheria ya Westminster ya mwaka 1285 iliwaruhusu makarani kutunga hati kwa mambo yanayofanana na yaliyopo, lakini mlango haukufunguka tena kama zamani. Idadi ya hati ilipokoma kukua kwa uhuru, mtu aliyekuja na dhuluma isiyolingana na hati yoyote aliambiwa hana shauri, na aliyechagua hati isiyo yake alianza upya. Iliwachukua Waingereza hadi sheria za mahakama za 1873 na 1875 kumaliza kuubomoa mfumo huo.

Kwetu sheria ya Kiingereza ililetwa kwa amri za kikoloni zenye tarehe: kwa Kenya ni ile iliyokuwepo tarehe 12 Agosti 1897, kwa Uganda tarehe 11 Agosti 1902, kwa Tanganyika tarehe 22 Julai 1920. Kwa hiyo tulipokea sheria ambayo hati zake za kale zilikwisha kuzikwa, na mwenendo wetu wa madai ulipitia India. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania ya mwaka 1966 imefuata ile ya India ya 1908. Hakuna mstari ulionyooka kutoka kwa karani wa Henry II hadi kwa karani wa masjala ya Tanga. Tulichopokea ni tabia ya mawazo: kumuuliza mtu kwanza umekuja kwa njia gani, kabla ya kumuuliza una haki gani. Kuna amri moja unayoweza kuifuatilia kwa jina, nayo ni ile ya kuzuia. Glanvill anatoa hati za kuizuia mahakama ya Kanisa isisikilize mashauri ya ardhi yasiyo yake, na leo Mahakama Kuu zetu zinatoa amri ya kuzuia dhidi ya chombo kinachovuka mamlaka yake.

Tabia hiyo imepingwa na katiba zetu zenyewe. Ibara ya 107A ya Katiba ya Tanzania inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hivyo hivyo. Mwaka 2018 Bunge la Tanzania liliingiza katika sheria za mwenendo kanuni ya lengo kuu, ya kuamua mashauri kwa haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu. Mimi nasimama upande huo bila kusita, hasa kwenye kosa dogo kama la kutaja kifungu, ambalo halimdhuru mdaiwa kwa lolote.

Kwa familia yenu, tazameni kwanza neno lililotumika kwenye uamuzi. Shauri lililoondolewa kwa kasoro si sawa na shauri lililotupwa baada ya kusikilizwa. La kwanza linaweza kufunguliwa tena kwa hati iliyosahihishwa. Hakikisheni kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa maana yeye ndiye mwenye sauti ya kudai mali ya marehemu. Kisha hesabuni muda. Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12, na Sheria ya Ukomo ya Tanzania inasema kwamba kama marehemu, siku ya kufa kwake, alikuwa ameishika ardhi na ndiye wa mwisho mwenye haki ya kuishika, muda unaanza kuhesabiwa siku hiyo ya kifo. Utaona kwamba ni swali lile lile waliloulizwa majirani 12 katika asiza ya kifo cha mzazi. Muda mliokuwa mahakamani kwa nia njema katika lile shauri la kwanza unaweza pia kuondolewa kwenye hesabu, kwa masharti ambayo wakili wenu atawaeleza. Tafuteni mapema cheti cha kifo cha babu, na wazee wa jirani waliomwona akililima shamba hilo hadi mwisho wake, wangali hai na kumbukumbu zao zikiwa nzuri.